KOMINI NI YA NANI?



Leo tunataka kuwauliza swali moja. Jina la burugmesta wa komini yako unalijua? Ukilijua, unajua nani aliyemweka pale? Na falanga ambayo mama yako anatoa kila asubuhi kwa ajili ya meza yake sokoni, unajua inaandikwa katika kitabu gani?

Tumeuliza watu wengi swali hili. Wote wanajua jina la prezida. Wengi wanajua majina ya mawaziri, na nani amegombana na nani kule Kinshasa. Vijana wanaweza kukutajia wachezaji wote wa TP Mazembe, pamoja na wale waliouzwa. Lakini ukiwauliza juu ya komini wanacheka, wanatikisa mkono, wanasema: "Ah, ndugu, yale ni mambo ya serikali."

Sisi tunasema kwamba maneno hayo ndiyo ugonjwa wetu. Mtu aliyetawaliwa na wageni ana haki ya kusema "mambo ya serikali", kwa kuwa serikali si yake. Lakini mtu huru anayesema hivyo, anamwambia nani? Anasema juu ya nyumba yake mwenyewe kwamba hajui mwenye nyumba ni nani.

MFEREJI WA AVENUE MOJA

Tuwaeleze jambo tuliloliona kwa macho yetu. Jina la mji hatulitaji, kwa sababu kila msomaji atasema ni kwake.

Kuna avenue moja ambapo mfereji wa maji ya mvua ulijaa mchanga na takataka. Mvua ya kwanza ilipoanguka, maji yakaingia katika lupango mbili za chini. Wenye lupango hizo wakaenda kwa shefu wa kartie. Shefu akawatuma komini. Kule komini karani akawaambia waandike barua. Wakaandika. Barua ikapokelewa, ikapigwa muhuri, ikawekwa katika kabati. Mvua ya pili ikaanguka.

Ndipo baba mmoja mwenye falanga kidogo akanunua simenti na matofali, akainua kizingiti cha mlango wake. Maji yakaiacha nyumba yake, yakaingia kwa jirani. Jirani naye akakopa, akainua chake. Maji yakaenda kwa wa tatu. Katika msimu ule lupango tisa ziliinua vizingiti. Simenti ile yote, na matofali yale yote, na siku zile zote za kazi, vingetosha kujenga mfereji mpya toka juu mpaka chini, na kuufunika. Mwishowe maji yote yakakaa katika lupango ya mjane mmoja ambaye hakuwa na uwezo wa kununua hata mfuko mmoja. Choo chake kikajaa, kikamwagika. Watoto wawili wa lupango ile wakapelekwa hospitali wakiwa na kuhara kubaya. Alirudi mmoja.

Hakuna mtu wa avenue ile aliyetaka mtoto afe. Ni watu wema. Wote walikuja kwenye matanga, wote walitoa mchango, na mchango uliandikwa katika daftari, jina kwa jina, falanga kwa falanga. Tuliliona daftari lile. Lilikuwa safi kuliko hesabu za ofisi nyingi. Tukajiuliza: watu wanaojua kuandika mchango wa matanga ginsi hii, kwa nini hawakuandika mchango wa mfereji mbele ya mvua kuanza? Na kwa nini wale tisa hawakwenda pamoja siku moja mbele ya mlango wa komini, wakae pale mpaka barua yao itoke katika kabati?

Jibu tunalo, na si jibu la kutufurahisha. Kila mmoja alifikiri ya kuwa lupango ni yake, na barabara ni ya serikali. Na serikali ilifikiri ya kuwa barabara si ya mtu.

UGONJWA HUU ULITOKA WAPI?

Wakati wa Wabelgiji wazee wetu waliita serikali Bula Matari, mvunja mawe. Serikali ile haikuuliza mtu shauri. Ilihesabu, iliamuru, ilipiga. Mwaka 1917 ilitoa amri ya kilimo cha lazima: mwanamume wa kijiji angeweza kutumikishwa mpaka siku 60 kwa mwaka katika mashamba ambayo yeye hakuyachagua. Asiyelima alifungwa, na fimbo ilikuwapo. Katika miji, Mwafrika alikaa katika site kwa ruhusa, buku mfukoni, na usiku alikatazwa kuonekana katika mitaa ya Wazungu. Barabara ilikuwa ya Bula Matari. Mti wa kando ya barabara ulikuwa wa Bula Matari. Baba zetu wakajifunza kwamba cho chote kilicho nje ya ua ni cha mwingine, na kukigusa ni kutafuta matata.

Sasa sikilizeni ginsi mlango ulivyofunguka, kwa maana wengi wamesahau. Uhuru wa Kongo haukuanza katika meza ya Bruxelles mwaka 1960. Ulipita kwanza katika mlango mdogo, mlango wa komini.

Mwezi wa Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa konseye za komini katika miji mitatu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ambayo leo tunaita Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Mwaka 1958 ikafuata miji mingine, kama Stanleyville na Bukavu. Ulikuwa uchaguzi mwembamba sana. Wenyewe waliuita "kuuliza shauri". Waliopiga kura walikuwa wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi. Mama zetu, waliolisha miji ile, hawakupewa karatasi. Na juu ya maburugmesta wote aliwekwa Mbelgiji, burugmesta wa kwanza. Watu wengine walisema: "Kiti hiki ni cha mchezo, tusikikalie."

Lakini wengine walikikalia, na walifanya nini juu yake? Kule Léopoldville ABAKO ilichukua viti vingi vya Waafrika, na Joseph Kasa-Vubu akawa burugmesta wa Dendale. Siku ya kupokea kazi yake, mwezi wa Aprili 1958, hakushukuru na kunyamaza. Alisimama mbele ya wakubwa akadai uchaguzi wa inchi yote na utawala wa Wakongomani wenyewe. Komini ya kufagia barabara na kuandika ndoa, akaifanya mahali pa kusema neno ambalo halijasemwa wazi. Tarehe 4 Januari 1959 wakubwa walipokataza mkutano wa ABAKO, mji wote uliwaka, watu wengi wakauawa. Tarehe 13 ya mwezi ule ule mfalme wa Wabelgiji akatamka neno uhuru. Na kule Stanleyville, mwezi wa Desemba 1959, Patrice Lumumba akiwa gerezani, watu walikwenda kwenye uchaguzi wa konseye wakampa MNC yake sehemu kubwa ya viti. Mtu aliyefungwa kwa pingu alishinda kwa kura za kartie. Mwezi uliofuata Wabelgiji walipashwa kumtoa gerezani na kumpeleka kwenye Meza ya Mviringo.

Basi, ndugu, wale wanaosema komini ni kitu kidogo, wawaulize wazee. Kwa kitu kidogo hicho walimtikisa Bula Matari.

TUSIFICHE KOSA LETU

Lakini kweli isemwe yote, hata ile inayotuuma. Kura hizo hizo za 1957 zilileta pia sumu. Kule Elisabethville maburugmesta wengi wa komini za Waafrika walitoka katika watu wa Kasai na Kivu. Walikuwa wafanyakazi wa mji ule, wamelipa kodi pale, wamezaa watoto pale. Lakini wengine hawakuuliza: "Huyu atafanya kazi gani?" Waliuliza: "Huyu ametoka wapi?" Mwaka 1958 chama cha Conakat kikazaliwa katika kelele ile ya "wenyeji" na "wageni". Mbegu ile ililetea Katanga machozi mengi, na mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wakalala kwenye stesheni za gari la moshi wakingoja safari, na wengi walikufa njiani. Wengi wao walikuwa wamezaliwa katika mitaa ile ile.

Tunasema hivi kwa sababu kuna watu wanaofikiri kushiriki katika mambo ya mji ni kutafuta nafasi ya kabila lao. Huko si kushiriki, ni kugawana nyama. Mfereji uliojaa hauulizi kabila la mwenye lupango. Kolera haina kijiji cha asili.

WALITUFUNDISHA KUPIGA MAKOFI

Kisha yakaja mambo ya tarehe 24 Novemba 1965, Mobutu akachukua utawala. Mwaka 1967 akaanzisha MPR. Katiba ya mwaka ule iliwapa wanawake kura, na hili ni jema, wasichana wetu walijue. Lakini waliwapa kura wakati kura yenyewe inakufa. Katiba ikageuzwa mwaka 1974, chama kikawa ndicho serikali, na kila mtoto aliyezaliwa katika inchi alihesabiwa mwana wa chama mbele ya kujua kutembea. Konseye zilikuwapo, lakini zilikuwa konseye za chama kimoja.

Wakati ule tulifundishwa kushiriki kwa namna mpya. Kushiriki ni kuvaa kitambaa chenye sura ya mkubwa. Kushiriki ni kucheza ngoma na kuimba jina lake kandokando ya barabara, jua kali, wanafunzi wametolewa katika kalasi. Kushiriki ni salongo: shika jembe, fagia, kwa maana umeamriwa. Neno salongo lingeweza kuwa neno zuri. Watu wetu walijua kulima pamoja toka zamani, kabla ya Bula Matari na kabla ya chama. Lakini kazi ya pamoja bila shauri la pamoja ni shokoa tu. Mtu anayeamriwa kufagia barabara, na hana ruhusa ya kuuliza falanga ya barabara imekwenda wapi, ni mfungwa mwenye ufagio.

Watu walipochoka kupiga makofi, walijifunza Artikle 15. Kila Mkongomani anaijua, ingawa haimo katika kitabu cha sheria: jitafutie mwenyewe. Serikali haina dawa? Jitafutie. Hakuna maji? Chimba kisima chako. Hakuna umeme? Nunua mashine yako. Mwalimu hapati mshahara? Wazazi walipe. Tunaisema kwa kicheko, tunajisifu ya kuwa sisi ni werevu. Ndugu, ule si werevu wote. Vizingiti tisa vya avenue ile vilijengwa kwa Artikle 15. Anayejitafutia peke yake anamtupia jirani maji.

SHERIA IPO, MWENYEWE HAYUPO

Sasa mtasema: "Hizo ni hadithi za zamani. Leo tuna katiba."

Ndiyo, tuna katiba. Ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, na watu waliipigia kura wenyewe. Inasema kwamba miji, komini, sekteri na shefferi ni watawala wa mambo yao. Artikle 175 inasema kwamba katika mapato ya taifa 40 kwa mia ni ya mikoa, yakatwe pale pale yanapotoka, yasizungushwe Kinshasa kwanza. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema kwamba katika fungu hilo la mkoa, 40 kwa mia ni ya miji, komini, sekteri na shefferi. Inasema pia kwamba watu wachague konseye ya komini, na konseye imchague burugmesta.

Maneno mazuri, na wino ni mweusi. Lakini tazameni matendo. Watu waliitwa kupiga kura mwaka 2006, mwaka 2011, na mwaka 2018. Mara zote tatu walichagua prezida na wadepite. Mara zote tatu uchaguzi wa komini uliahidiwa, ukasogezwa mbele, ukasahauliwa. Mwaka 2015 mikoa ilikatwa toka 11 ikawa 26, yakapatikana makao mapya, magavana wapya, magari mapya. Komini zikangoja. Na katika miaka hiyo yote burugmesta alitoka wapi? Alitoka katika karatasi iliyosainiwa mbali. Alisomewa katika radio. Kesho yake karatasi nyingine ikimtoa, alisomewa katika radio tena. Mtu kama huyo akiamka asubuhi anamwogopa nani? Anamwogopa mwenye kalamu. Yule mama wa lupango iliyojaa maji hamwogopi, kwa maana mama yule hawezi kumweka wala kumtoa.

Tarehe 20 Desemba 2023, mwishowe, wanakomini walipewa karatasi ya kuchagua washauri wa komini siku moja na kura ya prezida. Lakini si wote. Zilikuwa komini za miji mikuu ya mikoa tu. Watu wa sekteri na shefferi, ambao ndio wengi katika inchi, walibaki kutazama. Na pale kura ilipofanywa, wangapi walimjua mtu waliyemwandika? Wengi walitafuta kwanza sura ya prezida na ya mdepite, na karatasi ya komini wakaigusa mwishoni, kama mtu anayechukua chumvi mezani bila kutazama.

Sisi hatuwalaumu peke yao. Mtu aliyengoja mlango miaka mingi, siku unapofunguka kidogo anaweza kuupita bila kuuona. Lakini tunawaambia: umefunguka. Tieni mguu kati yake mbele haujafungwa tena.

TUNAWAJIBU WANAOTUPINGA

Kuna wanaosema: "Watu wana njaa, msiwasumbue na konseye." Sisi tunauliza: njaa hiyo inaletwa na nini? Muhogo unaooza kwa sababu barabara ya kijiji imekatika, je, si jambo la konseye? Kodi tano zinazotozwa juu ya kikapu kimoja cha samaki, toka ziwani mpaka sokoni, je, si jambo la konseye? Mwenye njaa ndiye wa kwanza kupashwa kuuliza hesabu. Aliyeshiba anaweza kungoja.

Kuna wanaosema: "Watu wa chini hawajasoma." Haya ndiyo maneno waliyosema Wabelgiji mwaka 1957, neno kwa neno, na tunashangaa kuyasikia katika vinywa vya watoto wa wale waliotukanwa. Twende tuwaone mama wa likelemba. Ishirini wanatoa falanga kila juma, mmoja anapokea, hakuna notari, hakuna polisi, na zamu haipotei. Mama anayetunza hesabu ya wenzake ishirini kwa kichwa anaweza kusikia hesabu ya komini. Tena tunafikiri ndiyo sababu hawamwiti.

Kuna wanaosema: "Ukisema utafungwa." Neno hili halina kicheko. Ni kweli watu wamefungwa, na wengine wamekufa. Tarehe 16 Februari 1992 wakristo wa Kinshasa walitoka kanisani na rozari na majani mikononi, wakidai Konferensi ya Taifa ifunguliwe tena. Askari wakawapiga risasi. Lakini mwezi wa Aprili Konferensi ilifunguliwa. Mwezi wa Januari 2015 serikali ilitaka kuunganisha kura na kuhesabu watu wote kwanza, na kila mtu aliona hesabu hiyo ni kamba ya kuvuta miaka. Watu waliingia barabarani Kinshasa, Goma na Bukavu. Wengine walikufa. Katika siku chache tu baraza la Senati likaitoa fungu ile katika sheria. Na mwaka 2012 vijana wa Goma walianzisha LUCHA, wakauliza swali ambalo kila mtoto wa mji ule analijua: tunakaa kando ya ziwa kubwa, kwa nini tunabeba bido kutafuta maji? Walifungwa mara nyingi. Lakini swali halikufungwa.

Hatusemi kila mtu aende barabarani. Tunasema hivi: waliokwenda peke yao waliumia zaidi kwa sababu wengine tulitazama dirishani. Watu kumi wakiuliza hesabu, ni rahisi kuwaita wachochezi. Avenue nzima ikiuliza, polisi atamfunga nani, akimwona mama yake mwenyewe katika mstari?

Na kuna wanaosema: "Inchi ina vita, tungoje amani." Vita ni ya kweli. Tunajua kwamba toka Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya askari, hata kiti cha burugmesta kikapewa mwenye bunduki. Tunajua kwamba tarehe 20 Desemba 2023 watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Lakini tufikiri vizuri. Mtu mwenye bunduki anaingia kwa urahisi wapi? Anaingia pale ambapo watu hawajuani, hawakutani, hawana anayesema kwa jina lao. Vita haiwi sababu ya kuiacha komini bila wenyewe.

NENO KWA SISI WENYE VYAMA

Tusimalize bila kujipiga wenyewe. Sisi watu wa vyama tuna deni kubwa. Siku za kampeni tunaleta camion, shati na bia. Tunawapandisha vijana juu ya camion waimbe majina yetu, na hilo tulijifunza kwa nani? Kwa wale wale tuliosema tunawachukia. Tunaandika orodha ya wagombea usiku, watu watano katika sebule moja, kisha asubuhi tunawaambia wananchi: "Chagueni kwa uhuru." Kura ikiisha, mlango wa ofisi ya chama unafungwa mpaka miaka mitano. Chama kisichokutana na watu pasipo kura si chama, ni duka la msimu.

Na ninyi wananchi, msituuzie. Anayekununua kwa kitambaa siku moja amekwisha kukulipa. Ukienda kumdai mfereji atakuambia: "Tulikwisha kumalizana."

TUFANYE NINI?

Tunataka kazi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuianza juma hili.

Moja. Ulizeni jina la mshauri wa komini aliyechaguliwa kwenu. Mwiteni katika avenue, si ofisini kwake. Mkalisheni kitini, mpeni maji ya kunywa, kwa heshima, mwulizeni amesema nini kwa jina lenu. Akikataa kuja, mwandike siku aliyokataa.

Mbili. Asitoe mtu falanga sokoni, stesheni wala kwenye ofisi bila kitansi chenye namba na muhuri. Mama kumi wa mstari mmoja wakishikana neno hili, mtoza kodi wa uongo atatafuta soko lingine.

Tatu. Andikeni kwa komini mkitaka hesabu ya mwaka ibandikwe ukutani: imeingia ngapi, imetoka ngapi, kwa kazi gani. Barua iwe na majina mengi. Mshike kopi yenye muhuri wa kupokelewa, na kila juma wengine wawili waende kuuliza jibu. Barua ya mtu mmoja inalala katika kabati. Barua yenye miguu mingi hailali.

Nne. Tusafishe mifereji yetu bila kungoja amri. Lakini tuandike siku, watu na simenti katika daftari kama la matanga, tulipeleke mbele ya konseye, tuseme: "Hii ndiyo kazi tuliyofanya, leteni fungu lenu." Mikono yetu tunaitoa. Haki yetu hatuiachi.

Tano. Katika kila mkutano wanawake na vijana waseme kwanza, wenye vitambi baadaye. Mwaka 1957 na mwaka 1960 mama zetu walisimama nje ya mlango. Tusirudishe mlango ule kwa desturi wakati sheria imeuondoa.

Sita. Asiulizwe mtu ametoka mkoa gani. Aulizwe anakaa avenue gani.

Saba. Tudai pamoja, katika kila mji na kila kijiji, sheria ya 2008 ifanywe yote. Komini zote zipige kura, sekteri na shefferi pia, konseye zimchague burugmesta, na fungu la falanga lililoandikwa lifike. Ahadi inayosogezwa mbele kila miaka mitano tuiite kwa jina lake: ni kukataa.

Ndugu, wazee wetu walipewa kiti kibovu, chini ya burugmesta Mbelgiji, bila mama zao, bila falanga, na kwa kiti kile walidai inchi nzima. Sisi tumepewa katiba, na tunainua vizingiti.

Kule kwenye avenue tuliyowaambia, yule mjane bado anakaa pale. Majirani wameanza kukutana kwake Jumapili nyuma ya misa, na daftari mpya imefunguliwa. Ukurasa wa kwanza una majina kumi na manne. Mvua itarudi mwezi wa Oktoba kama kila mwaka. Haitangoja karatasi ya Kinshasa, na sisi tusiingoje.

Komini ni ya nani? Ni ya anayeamka kuiuliza hesabu.

Wananchi, amkeni mkaulize!